Deni la Pili la Shahidi Aliyechelewa

Tarehe 11 Januari 2002, ndege iliyobeba mahabusu ishirini wa kwanza ilitua Guantánamo, kambi ya jeshi la majini la Marekani iliyoko Cuba. Miongoni mwa askari waliowapokea alikuwamo Brandon Neely, kijana wa Texas mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo. Yeye na mwenzake walikabidhiwa mzee mmoja, wakamfikisha kwenye kizimba chake, wakamwamuru apige magoti ili afunguliwe minyororo. Mzee akakakamaa, akajivuta. Neely akambwaga, uso ukagonga saruji, kisha akamlalia mgongoni. Wenzake wakampongeza. Baadaye, kwa kinywa cha mahabusu mwingine, ndipo alipoelezwa kisa: kule alikotoka yule mzee, watu wake wa karibu walipigishwa magoti kabla ya kuuawa. Naye alipoamriwa kupiga magoti aliamini kwamba zamu yake imefika.

Tunayajua haya kwa sababu Neely mwenyewe aliyasimulia. Aliyasimulia mwishoni mwa 2008, akiwa ameshavua sare, kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliokuwa wakikusanya shuhuda za Guantánamo. Kati ya tendo na maneno ipo karibu miaka saba. Tendo lina jina na lina wa kulihukumu. Ila ile miaka saba ni kitu gani, na nani anaidai?

Kwa kawaida shahidi wa namna hii hupokewa kwa moja ya hukumu mbili. Wapo wanaomwambia kawia ufike: muhimu amesema, tumshukuru. Wapo wanaomwambia majuto ni mjukuu: alinyamaza alipohitajika, leo anatafuta usingizi wake, wala hana jipya kwa aliyepigwa. Wa kwanza wanaifuta miaka ile kana kwamba haikupita. Wa pili wanaifanya ifute ushuhuda wenyewe. Pande zote mbili zinaamini kwamba lipo jambo moja tu la kupima, nalo ama limelipwa ama halikulipwa.

Mila zetu za dini zinalitazama jambo hili kwa uangalifu zaidi. Kwanza, zinauhesabu ushahidi kuwa deni. Kurani inakataza kuuficha, na inautaja moyo wa anayeuficha kuwa ndio wenye dhambi; Mambo ya Walawi humhesabia uovu mtu aliyeona au aliyejua akakataa kusema. Ushuhuda kwa hiyo si zawadi anayotoa mtu mwema akijisikia. Ni mali ya mwingine iliyo mikononi mwake. Pili, zinajua kuhesabu ucheleweshaji. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliyekosa kufunga siku za Ramadhani hudaiwa kuzilipa. Akizembea bila udhuru hadi Ramadhani nyingine ikamkuta, atafunga siku zile zile, na juu yake atoe fidia: kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Saumu yake ya kuchelewa ni saumu kamili. Hakuna anayemwambia kwamba imeharibika. Lakini ucheleweshaji umezaa deni lake lenyewe, na deni hilo halilipwi kwa kufunga.

Ndivyo ninavyomtazama askari wa gereza anayesema baada ya miaka. Anadaiwa mara mbili. Deni la kwanza ni habari ya kilichotendeka. Deni la pili ni habari ya kimya chake. Wengi hulipa la kwanza wakadhani wamemaliza, na sisi wasikilizaji huwaandikia stakabadhi haraka mno.

Tuanze na udhuru, kwa kuwa bila kuupima hatuwezi kusema nani amezembea. Udhuru wa kwanza ni hofu, nayo si ya kubuni. Mnamo Januari 2004, Joe Darby, askari aliyekuwa Abu Ghraib nchini Iraki, alikabidhi kwa wapelelezi wa jeshi diski yenye picha za mahabusu waliodhalilishwa. Alitaka jina lake lisijulikane. Mwezi Mei mwaka huo Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld, alilitaja hadharani mbele ya Bunge la Marekani. Darby hakuweza kurudi kuishi mjini kwao. Majirani walimwona msaliti, na familia ikahitaji ulinzi. Askari mwingine yeyote aliyeyaona hayo alikuwa na sababu ya kumeza mate. Hata hivyo kisa cha Darby kina makali pande mbili: kinathibitisha kwamba kusema kulikuwa na bei, na kinathibitisha kwamba kusema kuliwezekana. Hofu basi ni udhuru wa kweli, ila kama ugonjwa wa mfungaji, una mwisho. Siku hatari inapopungua, hesabu inaanza.

Udhuru wa pili ni kutojua: tulikuwa vijana, tuliambiwa hao ni watu wabaya kuliko wote. Hapa kuna tukio linalostahili kufikiriwa polepole. Januari 2003, hapo hapo Guantánamo, askari Sean Baker aliamriwa avae nguo ya rangi ya chungwa ya mahabusu juu ya sare yake na kuigiza mkaidi, ili kikosi cha kutuliza ghasia kifanye mazoezi ya kumtoa kizimbani. Kikosi hakikuambiwa kwamba ni askari mwenzao. Walimkaba na kumpigiza kichwa sakafuni. Alitamka neno la siri la kusimamisha zoezi, hawakusimama. Akasema yeye ni askari wa Marekani. Walisimama walipoiona sare chini ya ile nguo. Baker alipata madhara ya ubongo na kifafa, akatolewa jeshini, na mwaka 2004 alisimulia hadharani.

Askari wale hawakukosa elimu ya maumivu. Walijua kichwa ni kichwa na sakafu ni sakafu, na waliweza kusimama ndani ya nukta moja. Walichokosa ni kumhesabu aliye ndani ya nguo ile kuwa mtu wa kusimamishiwa mkono. Kwa hiyo anayesema kwamba hakujua, mara nyingi hasemi uongo mtupu, anaeleza nusu. Alijua tendo, hakumjua mtendewa. Na kutomjua huko kulitengenezwa na watu, kwa nguo, kwa namba badala ya majina, kwa hotuba za asubuhi. Hiyo ndiyo habari iliyomo ndani ya deni la pili, na ni yeye tu anayeweza kuitoa.

Ipo hoja nyingine dhidi ya mashahidi hawa: nia zao si safi. Mfano mgumu zaidi ni wa Adolfo Scilingo, ofisa wa jeshi la majini la Argentina aliyetumikia ESMA, chuo cha wanamaji mjini Buenos Aires kilichogeuzwa jela ya siri wakati wa utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983. Mwaka 1995 alimweleza mwandishi Horacio Verbitsky jinsi alivyoshiriki safari mbili za ndege ambamo mahabusu thelathini, wakiwa wamelewa dawa za usingizi, walivuliwa nguo na kutupwa baharini wakiwa hai. Alisema wakati sheria za miaka ya 1980 bado zinawakinga maofisa wa ngazi yake nchini mwao, na kilichomsukuma kilichanganyika na kinyongo cha kikazi kwa wakubwa waliowatelekeza wenzake. Mwaka 1997 akaenda Hispania kutoa maelezo kwa jaji. Baadaye akageuka, akadai aliyatunga. Aprili 2005 mahakama ya Madrid ilimhukumu kifungo cha miaka 640.

Tungesema nini juu ya mtu huyu? Kama tunapima roho, hana kitu. Lakini wiki chache baada ya maneno yake, mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Martín Balza, alikiri mbele ya taifa kwamba jeshi lilitenda makosa, na familia zilizokuwa zikiambiwa kwamba watoto wao wametoroka zilipata kinywa cha ofisa kikisema walikoishia. Deni hupungua hata likilipwa na mtu mwenye chuki. Afrika Kusini walilielewa hili walipounda Tume ya Ukweli na Maridhiano: sheria ilimtaka mwomba msamaha atoe habari kamili ya kosa lake la kisiasa, haikumtaka ajute. Wengi waliona huo ni ubaridi. Mimi naona ni busara, kwa sababu majuto hayana mizani ya kuyapimia, ilhali habari inaweza kupekuliwa na kulinganishwa na mifupa.

Basi kama ushuhuda wa kuchelewa una thamani hata ukitoka kwa asiyejuta, kwa nini tudai zaidi? Kwa sababu ucheleweshaji wenyewe ulikuwa na watu uliowaumiza. Mwaka 2002 hakukuwa na wakili aliyeruhusiwa Guantánamo. Msalaba Mwekundu waliingia, lakini ripoti zao hubaki siri kati yao na serikali husika. Majina ya mahabusu hayakutangazwa rasmi hadi 2006. Juni 2004 ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, katika shauri lililobeba jina la Shafiq Rasul, kwamba mahabusu wanaweza kupeleka malalamiko mahakamani. Katika miaka hiyo ya mwanzo, neno la askari mmoja lilikuwa na uzito ambao halitaupata tena.

Na muda ukipita, hugeuzwa silaha. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, askari walioamriwa kuwalazimisha wafungwa wa Mau Mau kufanya kazi waliwapiga hadi kuwaua 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Wambugu wa Nyingi alizimia siku ile na kulazwa kati ya maiti. Yeye na wenzake walipoishtaki serikali ya Uingereza nusu karne baadaye, moja ya hoja walizojibiwa ni kwamba wamechelewa. Wakati huo masanduku ya nyaraka za Kenya yalikuwa yamefichwa kwa miongo na serikali ile ile, miaka ya mwisho huko Hanslope Park, Uingereza. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliikataa hoja ya ukomo wa muda, na mwaka uliofuata Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Lakini shauri jingine, la Wakenya zaidi ya 40,000, lilianguka London mwaka 2018, na muda uliopita ndio ulioliangusha.

Tena si kweli kwamba wakubwa huchukia ushuhuda kwa kuwa umechelewa. Eileen Fletcher, aliyefanya kazi katika kambi za Kenya, alisema mapema, mwaka 1956, na maofisa wakajitahidi kumfanya aonekane si wa kuaminika. Anayesema mapema ni mzushi, anayesema mwishoni amepitwa na wakati. Saa halali ya kusema haipo kwenye saa yao. Kwa hiyo kimya cha askari mmoja mmoja si udhaifu wa mtu binafsi tu. Ni kazi ya taasisi, ina mafundi na vifaa vyake.

Hapo ndipo fidia ninayoisema inapopata maana. Habari ya kipigo inaweza kupatikana kwa aliyepigwa, kwa daktari, hata kwa makaratasi. Habari ya jinsi kimya kilivyojengwa haipatikani popote ila kwa aliyekaa ndani yake: karatasi gani alisainishwa, nani alimcheka alipouliza, cheo gani au urafiki gani alipata kwa kutosema, alijiambia nini usiku. Shahidi aliyechelewa ndiye mtaalamu pekee wa ucheleweshaji.

Mtu atasema kwamba kumwomba maelezo hayo ni kumpa jukwaa la kujitetea. Hatari ipo, lakini tofauti inaonekana. Anayejitetea hutaja sababu ili mzigo upungue. Anayelipa hutaja sababu na mzigo unaongezeka, kwa kuwa kila anachoeleza kinaonyesha mlango mwingine aliopita bila kuufungua. Na aliyeteswa hana wajibu wa kukaa kumsikiliza. Neely alipowatafuta Shafiq Rasul na Ruhal Ahmed, waliokuwa mahabusu, wakakutana naye London mwaka 2010; walimpokea kwa hiari yao, na wangemkatalia wasingekuwa wakosefu. Fidia hupewa anayeihitaji, na anayeihitaji zaidi huenda si aliyepigwa jana bali anayeshikiliwa leo.

Maana Guantánamo haijafungwa. Desemba 2024 alirudishwa Kenya Mohammed Abdulmalik, aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 na kukaa Guantánamo karibu miaka kumi na minane bila kufunguliwa mashtaka. Mwanzoni mwa 2025 walibaki 15, nao wana walinzi wao. Kipigo cha mwaka 2002 kimekwisha kutokea, hakirudishwi na toba ya mtu. Vifaa vya kunyamazisha vingali kazini, na mlinzi wa zamani anayevieleza kimoja kimoja anafanya kile ambacho ushuhuda wake juu ya kipigo hauwezi tena kufanya: anampunguzia mwingine muda wa kunyamaza. Ndiyo maana deni la pili, ingawa limezaliwa na la kwanza, linaweza kulizidi thamani.