LIKIZO HII NI YA NANI?



Miaka michache iliyopita walinijia bwana na bibi ambao nimewafahamu tangu walipofunga ndoa. Wanaishi Mombasa, wana watoto watatu, na nyumbani kwao ni Busia. Hawakuletwa kwangu na ulevi, wala wivu, wala mshahara uliopotea njiani. Waliletwa na likizo.

Bwana alikuwa na ndoto ya siku nyingi. Alitaka kukodi gari-nyumba, yaani gari kubwa ambalo ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, sinki na choo. Angewachukua mkewe na watoto kutoka Pwani hadi karibu na mpaka wa Uganda, majuma mawili ya Desemba, wakilala njiani na kuitazama nchi yao. Kwa miezi minane alikuwa akiandika mipango yake katika daftari: umbali wa kila siku, magurudumu, jeki, bima, mahali pa kuegesha gari usiku. Alipolifungua mbele yangu nilimsifu. Kisha akamgeukia mkewe, akasema kwa furaha, "Na tena, Mama watoto, hatutahangaika na hoteli. Jiko tunalo humo humo!"

Bibi alikaa kimya kidogo. Halafu akasema polepole, "Baba watoto, ninyi mnakwenda likizo. Mimi nahamisha jiko."

Bwana alishangaa kwa kweli. Yeye si mtu mbaya. Alidhani analeta zawadi, na zawadi hiyo ilikuwa imemgharimu. Mkewe naye si mtu wa kununa ovyo. Basi tujiulize, msomaji wangu, swali ambalo wale wawili waliniachia: Je, yawezekana mtu kumdhulumu mwenzake kwa jambo analomtendea kwa upendo?

Kurasa ambazo hazikuandikwa

Niliomba lile daftari, nikampa bibi, nikamwambia atusomee yale ambayo hayamo. Hakuchelewa. Nani ataamka kuchemsha chai kabla ya gari kuondoka? Nani ataosha sufuria kwa maji machache ya tangi? Nguo za watoto watatu zitafuliwa wapi, na zitaanikwa wapi kama tunasafiri kila siku? Nani atakumbuka dawa ya yule mdogo mwenye kifua? Na kile choo? Kila gari la namna hii lina tangi la kupokea uchafu, na tangi hilo halina budi kumwagwa mahali panaporuhusiwa. Katika nchi yetu mahali pa namna hiyo hapapatikani kila mjini, kwa hiyo lazima mtu aulizie mapema. Bwana alikuwa ameandika, "Choo kimo." Hakuwa ameandika ni nani atakayekisafisha.

Sidhani aliziacha kazi hizo kwa hila. Sisi sote huandika kazi tunazozifanya kwa mikono yetu. Zile zinazofanywa na wengine kwa ajili yetu tunazichukua kama mvua: zinanyesha zenyewe. Mtoto huona chakula mezani kila jioni akadhani meza ndiyo inayozaa chakula. Mtu mzima hana udhuru huo.

Kupumzika ni nini?

Wengi wetu tunadhani kupumzika ni kubadilisha mahali. Lakini mwanamke aliyebeba kuni hapumziki kwa kupitia njia nyingine yenye mandhari nzuri zaidi. Hupumzika anapoutua mzigo. Ukimpeleka Naivasha, akayaona maji yale na viboko wale, na kichwani angali na mzigo wake wa kuni, umemwonyesha ziwa. Likizo hujampa.

Itazame amri ya siku ya mapumziko, katika kitabu cha Kutoka na cha Kumbukumbu la Torati. Inawataja kwa zamu wale wote wanaopaswa kupumzika: mwenye kuambiwa amri, mwanawe wa kiume, binti yake, mtumishi wa kiume na wa kike, wanyama wake, hata mgeni aliye ndani ya malango yake. Umeona nani hakutajwa? Mke. Je, ng'ombe apumzike na mama wa nyumba aendelee kupika? Haiwezekani. Maana inayofaa ni moja tu: yule "wewe" anayeambiwa mwanzoni ni mume na mke pamoja. Wanasimama mahali pamoja, wakiwa na haki moja ya kupumzika na wajibu mmoja wa kuwapumzisha wengine. Anayepanga mapumziko ya nyumba yake akamwacha mkewe nje amelikata neno hilo "wewe" vipande viwili.

"Lakini mimi ndiye ninayeendesha!"

Najua baba mmoja anasoma hapa akitikisa kichwa. Atasema, "Mimi ndiye nitakayeshika usukani kutoka asubuhi hadi jioni. Mimi ndiye ninayelipa. Je, mimi sichoki?" Unachoka, ndugu yangu, na kuendesha gari zito katika barabara ya Mombasa, malori mbele na malori nyuma, si mchezo. Nisingependa mtu yeyote aidharau kazi hiyo. Ila zihesabu kazi zote kwa kipimo kimoja. Kazi yako huonekana, husifiwa, na huisha gari linapozimwa. Kazi ya mwenzako huanza hapo hapo gari linapozimwa.

Mwingine atasema, "Mke wangu anapenda kupika. Ndiyo furaha yake." Huenda ni kweli. Je, umemwuliza? Maana upendo hutoa, na mama wengi wangetoa jasho lao kwa moyo mkunjufu ili watoto wao waione nchi. Hata hivyo, zawadi huwa zawadi pale tu mwenyewe anapoitoa. Huwezi kumtolea jirani yako sadaka kanisani kwa kutia mkono mfukoni mwake. Hata kama angetoa kiasi kile kile, hata zaidi, umemnyima heshima ya kutoa. Hapo ndipo ninapoona jibu la swali letu. Ndiyo, mtu aweza kumdhulumu mwenzake kwa upendo, akianza kugawa kisicho chake bila kuuliza.

Kunyamaza nako kuna lawama

Lakini mama, usifurahi mapema. Nilimwuliza bibi yule, "Miezi minane ulikuwa ukiliona daftari hili mezani. Kwa nini hukusema?" Akajibu, "Nilidhani ataona mwenyewe." Wake wengi wanasubiri hivyo, na wengine wanasubiri miaka ishirini. Kunyamaza kwa mke kunasomwa na mume kama kukubali. Siku hasira inapotoka, mume huona ameshambuliwa ghafla kwa kosa ambalo hakuambiwa. Mwenye haki naye ana wajibu wa kuisema haki yake, mapema na kwa maneno ya kawaida, kabla haijageuka kuwa uchungu.

Tena, bibi hakuwa ameuliza jambo moja: kwa nini mumewe aliitaka safari hii kwa nguvu namna hiyo? Nilipouliza mimi, bwana alikaa kitambo. Kisha akatueleza kwamba alipokuwa mtoto walisafiri kwenda Busia kila Desemba kwa basi la usiku, yeye akilala juu ya mizigo. Nchi nzima aliipita gizani. Baba yake alimwahidi kwamba siku moja wangesafiri mchana, akafariki kabla ya siku hiyo kufika. Mkewe, baada ya miaka kumi na minne ya ndoa, alikuwa akiyasikia hayo kwa mara ya kwanza.

Naye bibi akasema lake. Alisema siku pekee alizowahi kuletewa chai kitandani ni zile tatu za wodi ya wazazi. Bwana aliinamisha kichwa. Nadhani siku ile ndipo safari yao ilipoanza kupangwa.

Jioni tatu

Kama nyumba yako inafikiria safari ndefu, kwa gari-nyumba au kwa gari la kawaida lililojaa vikapu, nakushauri mtenge jioni tatu.

Jioni ya kwanza, msifungue ramani. Kila mmoja, pamoja na watoto, aseme kwa sentensi chache anachotaka kupata katika safari hii na mzigo anaotaka kuutua. Asiyesema leo asinung'unike Nakuru.

Jioni ya pili ni ya pesa. Anzeni na karo ya Januari. Iwekeni kando isiguswe. Kisha andikeni gharama ya kukodi, chakula, malipo ya kambi na akiba ya matengenezo. Mafuta yapigieni hesabu ya kweli. Kutoka Mombasa hadi Busia ni zaidi ya kilomita 900. Kwenda na kurudi ni kama 1,800. Tuseme gari zito linakwenda kilomita saba kwa lita moja: hizo ni karibu lita 260, kabla hamjakata kona kwenda mahali popote. Bei mpya za mafuta hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, basi hesabu ifanyeni upya zinapotoka. Mkiona pesa hazitoshi, fupisheni safari. Kukopa ili watoto wafurahi Desemba na kufukuzwa shule Januari ni kuwauzia furaha kwa bei ambayo hamkuwaambia.

Jioni ya tatu ni ya siku na zamu. Msiende mbio. Mtito Andei ni karibu nusu ya njia kati ya Mombasa na Nairobi, na hapo panatosha kwa siku ya kwanza yenye watoto. Kumbukeni kwamba barabara inatoka usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,700 huko Timboroa, karibu na pale inapokata ikweta. Watoto wa Pwani watahitaji blanketi, na gari litapanda polepole. Dereva ahakikishe kwamba leseni yake inaruhusu gari la uzito ule. Wekeni angalau siku moja ambayo gari halitasogea kabisa. Kisha andikeni kila kazi, hata ya choo, na jina la mtu mbele yake. Kijana wa miaka kumi na miwili aweza kuosha vyombo. Baba aweza kusonga ugali.

Tena, msiendeshe usiku. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na zaidi ya watu thelathini wakapoteza maisha. Baba anayesema "lazima tufike leo leo" wakati macho yanafumba anaiweka ratiba yake juu ya roho alizokabidhiwa. Ratiba ilitungwa na ninyi, mnaweza kuibadilisha.

Ilivyokuwa

Wale rafiki zangu walisafiri, lakini kwa siku nane badala ya kumi na nne, kwa kuwa karo iliwekwa kwanza. Waligeuzia Nakuru, na Busia wakaiachia mwaka mwingine. Daftari lilikuwa na kurasa mpya zenye mwandiko wa bibi na, pembeni, mwandiko wa watoto. Bwana alisonga ugali wenye mabonge, ukaliwa. Waligombana mara moja, karibu na Voi, kwa sababu ya dirisha, na kwa kuwa gari-nyumba halina chumba cha kwenda kununia, walipatana kabla ya Mtito Andei.

Bibi aliporudi nilimwuliza alichokipenda zaidi. Nilitarajia aseme twiga, au lile bonde kubwa la ufa linapofunguka ghafla mbele ya macho. Akasema, "Naivasha, siku ambayo gari halikusogea, nililala hadi saa tatu asubuhi. Niliwasikia nje wakiambizana wasinisumbue. Nikabaki nimefumba macho, nawasikiliza tu."

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika likizo yetu iliyopita, ni nani aliyetua mzigo wake, na ni nani aliyeuhamisha tu?

2. Ni kazi gani ya mwenzangu ambayo sijawahi kuiandika wala kuishukuru?

3. Je, kuna jambo ninalolitaka sana ambalo sijamweleza mwenzangu sababu yake? Ninangoja nini?