Je, Mgonjwa wa Sukari Afunge?

Ndugu wakatekumeni, katika Kwaresima iliyopita binti mmoja wa darasa langu, mwenye miaka 12, alikataa uji wa asubuhi. Nikamsifu mbele ya wenzake. Kabla ya saa nne alitetemeka, jasho likamtoka, akalegea. Mama yake akaja mbio na maji ya sukari. Akanywa, akapata nafuu.

Sikujua kwamba huchomwa sindano ya insulini kila siku. Katika mwili mzima, kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, nayo huingiza sukari ya chakula viungoni iwe nguvu. Kwake yeye, kinga ya mwili imeharibu kazi hiyo; si kwa uchawi, wala kwa dhambi ya wazazi. Kabla ya mwaka 1922, mtoto wa namna hii alikuwa wa kufa tu. Lakini sindano ikiingia na chakula kisifuate, sukari ya damu hushuka mno, nako ni hatari ya kifo. Akiacha sindano, atakufa vilevile.

Je, angemkosea Mungu kwa kula? Sheria ya Kanisa ya kufunga huanza katika miaka 18, wala haiwalazimishi wagonjwa. Amri ya tano yakataza kuua, hata kujiua. Wengine husema: «Mwenye imani atupe sindano.» Hao wanamjaribu Mungu. Kuchomwa kila siku, kula kwa kipimo, maisha yote: sijui mfungo mgumu kupita huo.

Siku ya pili nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile. Akacheka, akamaliza uji wake.