Tuwafunze Binti Zetu Kabla ya Siku Yenyewe



Watoto wengi waliopita vyuoni katika miji yetu ya pwani wamesoma Safina, na mwanzoni mwake wamehifadhi alama tatu za kubaleghe: kutimiza miaka 15, kutokwa na manii, na hedhi kwa mwanamke, ambayo haiji kabla ya kukaribia miaka 9. Binti huzisoma alama hizi kwa sauti mbele ya mwalimu, kisha hurudi nyumbani asipate mtu wa kumweleza maana yake. Damu inapomjia hudhani ni maradhi, naye huificha. Kwa kuificha huendelea kusali na kufunga katika hali aliyokatazwa, na saumu zile hazisihi. Asipoambiwa kuwa yampasa kuzikidhi, huingia utu uzimani na deni la Ramadhani kadhaa asilolijua. Katika deni hilo sisi wazazi tuna mkono wetu.

Wengi husema, "Atafunzwa wakati wake ukifika." Twauliza: wakati huo ni upi? Miaka ya sharia ni miaka ya mwezi. Miaka 9 yake ni 8 na karibu miezi tisa kwa hesabu ya jua, na miaka 15 ni 14 na nusu na ushei. Baina ya mipaka hiyo miwili mna uwanja mpana, na ndugu wawili wa tumbo moja waweza kupishana sana. Matabibu nao wasema kuwa wasichana wengi huona damu baina ya miaka 10 na 15, na kwamba urithi, chakula na afya vina athari yake. Huko Ulaya umri huo ulishuka tangu karne ya 19 hadi ya 20, watoto walipopata lishe bora na maradhi yalipopungua. Basi mama asimpime bintiye kwa umri aliobaleghe yeye.

Wala jambo hili haliji bila ya kubisha hodi. Kwa kawaida binti huanza kuota maziwa, kimo chake huenda mbio, na hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi au zaidi. Huo ndio muhula aliotupa Mwenyezi Mungu, nasi twaupoteza kwa kunyamaza.

Katika muhula huo mama amweleze kuwa hedhi si ugonjwa wala aibu, bali ni jambo Mungu aliloliandika juu ya mabinti wa Adamu. Amfunze kujisafisha, kukoga na nia yake, na kwamba saumu hukidhiwa na sala hazikidhiwi. Na kwa kuwa miaka ya mwanzo hedhi mara nyingi haina mpango, amfunze kuhesabu siku: katika madhehebu yetu ya Shafi, uchache wake ni mchana na usiku wake, na wingi wake ni siku 15. Akiota maziwa kabla ya miaka 8, au akifika 15 bila ya kuona damu, apelekwe kwa daktari, si kwa mganga wa kupunga majini.

Atakayesema kuwa haya yatuzuia, na akumbuke kuwa Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Limebaki moja. Wako wanaoona damu ikija, masomo yamekwisha na posa na ije. Hao na waizingatie aya ya 6 ya Surat Nisaa: yatima hakabidhiwi mali yake kwa kufikia makamo ya ndoa tu, mpaka uonekane kwake uongofu wa akili. Ikiwa fedha zake hazikabidhiwi kwa damu peke yake, vipi akabidhiwe nyumba na uzazi, na hali mifupa ya nyonga yake ingali yakua? Sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo imeweka miaka 18.

Hedhi humwingiza binti katika amri ya sala na saumu, haimtoi skuli. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitekeleza amana hii. Amin.