Twahara ya Maji Yaliyopita Mgodini

Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea zaidi miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, maji mengi hayawi najisi mpaka najisi iyabadilishe rangi, ladha au harufu. Na yakibadilishwa na madini ya mahali yanapotulia au yanapopita, hubaki tahuri, yaani yaliyo safi yenyewe na yanayosafisha kingine, kwa kuwa badiliko hilo haliepukiki. Hukumu hiyo huingia mashakani mbele ya mgodi wa dhahabu, kwani shimo limechimbwa na binadamu kwa hiari yake, na miamba yenye salfidi, ambayo ni misombo ya salfa na metali, ikivunjwa na kukutana na hewa na maji huzaa asidi inayoyeyusha metali nzito, na mara nyingi aseniki pia. Aseniki iliyoyeyuka haina rangi, ladha wala harufu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Alama tatu za fakihi, yaani mwanazuoni wa sheria ya Kiislamu, basi, hazisemi lolote pale zinapohitajika zaidi.

Njia mojawapo ya kuyasafisha maji hayo ni ugandishaji kwa umeme, ambapo mkondo hupitishwa kati ya mabamba ya chuma yaliyozamishwa, na bamba la upande chanya, liitwalo anodi, huliwa polepole likitoa ayoni za chuma zinazogeuka haidroksidi, vitonge vyepesi vinavyonasa aseniki na kuzama nayo, au kuelea kwa kuinuliwa na viputo vya haidrojeni.

Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliamua kwamba maji taka hurudia twahara yakisafishwa kikamilifu, ila likapendelea yasinywewe, kwa kuchelea afya. Uamuzi huo, ingawa haukuhusu migodi, ulifanya vyema kutenganisha maswali mawili ambayo waumini huyachanganya: usahihi wa udhu na usalama wa mwili. Swali la tatu, la uchafu uliotolewa unaishia wapi, halikuguswa, nalo ndilo zito zaidi, kwa sababu umeme hauiangamizi aseniki bali huihamishia kwenye tope. Na sheria inayokataza kumdhuru mwingine haiwezi kuridhika na maji maangavu huku tope hilo likirundikwa katika shimo lisilotandikwa kizuizi, juu ya kisima cha jirani. Fakihi anayeulizwa kuhusu udhu ana haki ya kuuliza kwanza tope limewekwa wapi.