Aliyeacha Khamri na Safari ya Kibera



Tumeletewa suali katika darasa yetu, na mwenye kuliuliza aliona haya kulisema mbele za watu, akatuandikia kwa karatasi. Yeye ni mtu aliyekuwa akinywa, kisha Mwenyezi Mngu akamruzuku toba, na huu ni mwaka wa kumi na moja hajaonja. Sasa amealikwa arusini Kibera. Ataka kwenda kwa gari pamoja na mkewe na watoto, nao watalala Kawangware kwa shemeji yake, ambako nyumba ya pili kwauzwa chang'aa. Je, aende, au akae Mombasa awe amewakata jamaa zake?

Twasema: aende. Kuunga udugu ni amri, na mtu hakutubu ili awe mfungwa. Lakini wengi wetu twadhani kuwa aliyeacha khamri amekwisha kazi, kama mtu aliyelipa deni akachana hati. Sivyo. Mwili uliozoea khamri hausahau upesi. Hata baada ya miaka, harufu yaweza kuuamsha, na njaa, na uchovu, na upweke. Nyumbani mtu huyu ana msikiti wake, ana wenziwe wa baada ya Magharibi, ana njia aipitayo na njia asiyoipita. Akishakwenda karibu kilomita 500 vyote hivyo viko nyuma yake.

Katika hadithi sahihi mna khabari ya mtu wa kale aliyeua watu mia. Alipomwendea mwanachuoni kuuliza kama ana toba, aliambiwa kuwa mlango u wazi, lakini aihame nchi yake yenye uovu, aende kwa watu wamuabuduo Mwenyezi Mngu. Akafa njiani, na malaika wa rehema ndio waliomchukua. Mwanachuoni yule hakumwambia ajikaze tu, alimtafutia watu. Basi ndugu yetu huyu watu wake wamo ndani ya gari moja naye, na hapo ndipo penye jawabu yetu.

Waondoke baada ya Alfajiri, wala wasisafiri usiku. Wale Mtito Andei kabla njaa haijawashika, na hapo wasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha, kwani hiyo ni rukhsa ya msafiri, na sala ndiyo kamba aliyoishika miaka yote hii. (Na wakisimama Mackinnon Road wasimame kwa ajili ya msikiti, si kwa kumuomba maiti aliyezikwa pale awalinde na ajali. Hili tumekwisha lisema, na tutalisema tena.) Mke naye asimchunge mumewe kama askari amchungavyo mwizi. Akae naye, azungumze naye. Akiona amenyamaza sana, amuulize kwa upole.

Arusini hatari kubwa si chupa. Ni mzaha. Atatokea jamaa wa zamani amwambie, “Siku hizi umekuwa sheikh!” na wote wacheke. Kisha usiku kuna kikao cha miraa, na miraa ikishawakesheza watu hutafutwa kitu cha kuwalaza. Katika zama za Mtume (s.a.w.) palikuwa na mtu aliyeletwa mara kwa mara kuadhibiwa kwa ulevi, mmoja wa waliohudhuria akamlaani, na Mtume akakataza, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mngu na Mtume wake. Ikiwa huyo, naye angali akinywa, hakuachwa kulaaniwa, ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kumcheka aliyeacha?

Wala Waislamu tusiseme kuwa chang'aa ni mambo ya watu wengine. Kibera ilianzishwa na askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, Waislamu waliokaa hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini, na hata jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Katika zama za ukoloni mtaa huo ulijulikana Nairobi nzima kwa pombe kali iliyopikwa majumbani. Waingereza wakaiita kwa jina la Wanubi, “jini” yao, na sisi twaona jina hilo halikukosea sana. Waliopika walitafuta chakula cha watoto, kwani ajira zilikuwa chache na ardhi haikuwa yao. Hati ya ekari 288 haikupatikana mpaka 2017. Twalijua hilo, na huruma twawaonea. Lakini Mtume (s.a.w.) amemlaani mkamuaji na mchukuzi na muuzaji pamoja na mnywaji. Serikali ilipoihalalisha chang'aa kwa sharia ya 2010, ikiwa ya chupa na leseni, haikugeuza hukumu hiyo. Na kabla ya hapo, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa sumu.

Limebaki neno kwa shemeji wa Kawangware. Mgeni wako umpe chumba kilicho mbali na ukuta wa jirani yule, na ukishindwa, mlale wote ukumbini. Asiachwe kurudi peke yake kutoka Kibera usiku. Na Alfajiri usimwamshe kwa kumgongea mlango ukarudi kulala: vaa, utoke naye, mwende msikitini pamoja, maana njia yapita mlangoni pale.