Nani Anajaribiwa Bandarini?



Katika darasa letu la Hadithi lilizuka swali ambalo halikumalizika siku ile: je, Mwislamu anaruhusiwa kujaribu dawa ya kuzuia uzee? Waliokataa walishika Hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.), iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, ambamo Mtume (s.a.w.) anatuhimiza kujitibu kwa kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa, isipokuwa mmoja tu, nao ni uzee. Wakasema mjadala umekwisha. Anayetafuta dawa ya uzee anabishana na Mtume.

Mimi sioni kuwa umekwisha. Mtume huyo huyo alikuwa akijikinga kwa Mola wake asirudishwe kwenye umri duni kabisa, ule ambao Suratun-Nahl inasema mtu huufikia akawa hajui kitu baada ya kujua. Kuzeeka ni kadari, sawa. Lakini udhaifu unaokuja nao mja ameruhusiwa kuuchukia na kuukimbia. Miwani ya mzee haimpingi Mungu, wala bakora yake. Kidonge kinachompa nguvu ya miguu, ikiwa kweli kinampa, kina tofauti gani na bakora?

Uzito wote uko kwenye hilo neno "kweli".

Nenda Bandari ya Bujumbura asubuhi meli inapoteremsha saruji iliyotoka Mpulungu, utaona uzee ukipimwa bila mashine. Mfuko una kilo 50. Kijana anaubeba huku akipiga soga. Mwenye miaka 55 anaubeba kimya. Mjomba wangu ni mmoja wa hao wanaobeba kimya. Siku mgongo ukikataa, siku hiyo hakuna ujira. Ndiyo maana wauza vidonge wanajua wapite wapi. Chupa ina picha ya mzee anayekimbia ufukweni, na muuzaji anaapa kwamba mwili unarudi ujanani. Mjomba alinunua, kwa bei iliyozidi alichopata wiki nzima.

Vidonge vya namna hiyo vimejaribiwa mahali pengine. Kinachovuma sana ni NMN, ambayo mwili huigeuza kuwa NAD+, kitu ambacho seli hukihitaji ili zipate nguvu na ambacho hupungua kadiri umri unavyosogea. Mwaka 2022 jarida la Frontiers in Aging lilichapisha jaribio la watu 66 wenye afya, wa miaka 40 hadi 65. Kwa siku 60 baadhi yao walimeza miligramu 300 kila siku, wengine wakameza kidonge cha kufanana nacho kisicho na dawa ndani, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Mwishoni kipimo cha damu kinachohusu NAD+ kilikuwa kimepanda kwa asilimia 38 kwa waliomeza dawa. Kwa waliomeza kidonge kitupu nacho kilipanda, asilimia 14.3.

Mwenzetu mmoja aliuliza: kumpa mtu kidonge kitupu si udanganyifu? Swali hili lilinisumbua kuliko lile la kwanza. Jibu langu ni hapana, maadamu aliambiwa mapema kwamba huenda akapata kitupu, akaridhia, na mlango wa kujitoa ukabaki wazi. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 la Chama cha Madaktari Duniani linadai ridhaa hiyo. Kufichwa jambo ulilokubali mwenyewe kufichwa si kughushiwa. Tena, bila hao waliomeza kitupu tungedhani asilimia 38 yote ni kazi ya dawa. Watu 66 kwa miezi miwili hawawezi kutuambia mengi kuhusu uzee unaokuja kwa miaka thelathini, lakini angalau kuna daftari na kuna wa kuulizwa.

Sasa rudi bandarini. Mjomba naye anajaribiwa, ila hakuambiwa. Jaribio analilipia mwenyewe. Hakuna aliyempima kabla, na miguu ikimvimba hakuna atakayeandika. Akijisikia vizuri wiki moja tu, basi anageuzwa ushuhuda wa kuwauzia makuli wengine. Nilipomuuliza kama vinamsaidia alinijibu, "Mpwa wangu, nimevilipia ghali, lazima vinisaidie."

Sote tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) na muuza chakula: aliingiza mkono ndani ya fungu, akakuta unyevu chini, akamkemea kwa kuuficha, na akamkana mwenye kughushi. Chupa iliyozibwa haiingiziki mkono. Jaribio lenye ridhaa ndio mkono wenyewe, kwa hiyo wanaoliharamisha wanauzuia mkono na kumwacha muuzaji aende zake. Na iko Hadithi nyingine, kwamba anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu wauzaji wale si wageni. Baadhi ni wanafunzi wenzetu, tunasimama nao safu moja Buyenzi, na kamisheni ya chupa hizo ndiyo inayowalipia chumba. Huniambia, "Hata mimi naamini inafanya kazi." Sawa, lakini imani ya muuzaji haiondoi kasoro ya bidhaa. Kwa fiqhi ya Kishafi tuliyosomeshwa, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo tangu mwanzo ana hiari ya kurudisha. Mjomba ameshameza, na chupa tupu hairudishiki, kwa hiyo kilichobaki ni arshi, yaani fidia ya thamani iliyopungua. Nimewauliza wawili kati yao wataihesabu vipi: bei yote, au kamisheni yao tu? Mmoja ameahidi kumuuliza sheikh wake baada ya swala ya Ijumaa. Wa pili bado hajanijibu.