Mfalme Asiye na Ngome

Mwaka 1925 Papa Pius XI aliiweka sikukuu ya Kristo Mfalme, na siku hizi Wakatoliki na baadhi ya madhehebu mengine huiadhimisha Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa. Tunaimba kwa nguvu siku hiyo. Lakini nina mashaka, ndugu msomaji, kama neno mfalme bado linatugusa. Tanganyika imekuwa jamhuri tangu Desemba 1962. Mfalme kwetu amebaki mtu wa kwenye picha, ana taji, hadai kitu.

Hapa Iringa tunao mfano wa karibu. Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Mkwawa, mtwa wa Wahehe, pale Kalenga. Kwa hesabu ya kawaida utawala wake ulikwisha siku ile. Hata hivyo kwa karibu miaka minne hawakumtia mkononi. Watu walimficha porini na kumpelekea chakula, ingawa kufanya hivyo kulikuwa hatari, na ingawa ilitangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Alijiua Julai 1898. Simfananishi na Kristo. Mikono ya Mkwawa ilikuwa na damu, na wapo waliomtii kwa hofu tu. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mfalme asiyeonekana hutambulikana kwa gharama ambayo watu wake wako tayari kuilipa.

Sasa tushuke barabarani. Barabara kuu iendayo Mbeya inapita hapa Ipogolo, chini ya kilima cha mji. Msafiri anasimamisha gari, ananunua ndoo ya nyanya, anaondoka, pengine asirudi tena maishani. Juu zimepangwa nyekundu, ngumu. Chini zimo zilizopondeka. Atakapogundua atakuwa Makambako. Wala mzee wa kanisa hayupo pale.

Jirani yangu mmoja, mama mcha Mungu kweli, alinitetea desturi hiyo kwa hoja nisiyoweza kuidharau. “Mwalimu,” alisema, “mchuuzi akija shambani kununua viazi ananilazimisha lumbesa. Gunia linavishwa kilemba, nalipwa bei ya gunia moja. Nikimuuzia msafiri nyanya safi tupu, watoto watasoma kwa kitu gani?”

Lumbesa ni wizi, na sheria ya vipimo inaikataza. Kumwambia mama huyu avumilie tu kwa jina la Yesu ni kumwonea mara ya pili. Wa kuhubiriwa kwanza ni mchuuzi. Lakini msafiri hakumwibia. Anadaiwa deni la mtu mwingine. Tena liko jambo zito zaidi. Anayesema Kristo atawale nyumbani na kanisani, ila barabarani nifanye kama nilivyofanyiwa, ameshampa mchuuzi kiti cha enzi, maana mchuuzi ndiye aliyeamua nyanya zipangwe vipi.

Nilimwambia hivyo. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama si pensheni yangu inayosema.

Lilikuwa swali la haki. Mwenye pensheni humpelekea mfalme wake makombo. Basi tukaacha nyanya, tukazungumza habari ya kupeleka viazi vyetu kwa pamoja kwenye mizani, majirani kumi na wawili, ili mchuuzi asitukute mmoja mmoja. Watatu bado hawajakubali.